Kamba Nyeusi na Medali: Uchawi, Uganga na Imani ya Mwanamke Mkristo wa Kusini

Mtoto alikuwa na miezi mitano. Asubuhi ya ubatizo wake, katekista alipokuwa akimnyooshea ile nguo nyeupe, mkono ulikwama kiunoni: kamba nyeusi, na juu yake kifurushi kidogo cha kitambaa kilichoshonwa pande zote. "Hii ikatwe kwanza," alisema. Mama yake akatoka nje, akaazima wembe, akaikata chini ya mwembe huku machozi yanamtoka. Jioni nilipokwenda kumpa hongera nilikuta kamba nyingine, mpya, mahali palepale, na shingoni medali ya Bikira Maria aliyoletewa na mama wa ubatizo. Aliona macho yangu yalipotua. "Dada, nimezika wawili," akaniambia. "Huyu nampigia hodi kila mlango. Kwani nimekufuru?"

Sikumjibu. Nilimpakata mtoto, tukazungumza mengine. Lakini swali lile sikuweza kuliacha pale, kwa sababu ni langu pia. Nimekulia kusini mwa Tanzania, bonde la mto Lukuledi, kati ya Ndanda na Masasi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa mizizi na mtu wa kanisa kwa wakati mmoja. Alichimba dawa huku akisali Baba Yetu kwa sauti ya chini, na Jumapili alikuwa benchi la pili, upande wa wanawake. Mimi niliyesoma kuliko yeye ndiye niliyeanza kuona haya kwa ajili yake.

Neno uchawi, jinsi tunavyolitumia, limekuwa kikapu cha sokoni. Humo mmetiwa jani la kutuliza tumbo, hirizi ya mtoto, unga wa mtama unaowekwa chini ya mti kwa ajili ya wazee waliotangulia, ngoma ya unyago, ramli, na mtu anayekusudia kumuua mwenzake kwa siri. Mhubiri akisema kwenye kipaza sauti "acheni uchawi", kila mwanamke aliyeketi pale anasikia kitu tofauti. Mmoja anafikiria mizizi ya mama yake, mwingine anafikiria somo wake aliyemcheza. Yule aliyekwenda kweli kumtafutia jirani ubaya labda hafikirii lolote. Kiswahili chenyewe kilishatenganisha zamani: mchawi huloga, mganga huganga. Kuganga ni kutibu, ni kuunga kilichovunjika. Tumeacha kusikiliza lugha yetu.

Nianze na mizizi, maana hapo ndipo wanawake wengi wanapohukumiwa bure. Mfalme Hezekia alipougua hadi kufa, nabii Isaya aliagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu lake, naye akapona. Yamo katika Isaya 38:21. Katika Biblia wanayoisoma Wakatoliki kuna kitabu cha Yoshua bin Sira, na sura yake ya 38 inafundisha kwamba Bwana ameumba dawa kutoka ardhini na mtu mwenye busara hazidharau. Serikali nayo ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002, na waganga wa tiba asili husajiliwa na Baraza lake. Kwa hiyo mama anayechemsha majani hana dhambi ya kuungama hapo, labda awe amekosea kipimo au amemcheleweshea mtoto hospitali.

Nimesikia wahubiri wakipinga hili kwa Wagalatia 5:20. Mtume Paulo anaorodhesha matendo ya mwili, na uchawi umo, katikati ya ibada ya sanamu na uadui. Neno la Kigiriki alilolitumia ni farmakeia, lenye shina moja na neno la dawa. Wapo wanaolishika hilo na kusema, basi dawa zote za miti ni uchawi. Wangekuwa wakweli wangefunga na maduka ya dawa ya Mtwara mjini, kwa sababu neno "famasi" limetoka shina hilohilo. Kwa Wagiriki wa zama zile lilibeba dawa, sumu na uganga wa siri vyote kwa pamoja, na Paulo analiweka jirani na uadui, ugomvi, wivu na hasira. Anazungumza juu ya kutumia nguvu iliyofichwa dhidi ya mwenzako. Mizizi ya bibi yangu haimo.

Unyago nitaupita haraka, si kwa kuwa ni mdogo, bali kwa kuwa mengine hayasemwi nje. William Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa dayosisi ya Kianglikana ya Masasi iliyoundwa mwaka 1926, alifanya jambo ambalo wamisionari wengi wa wakati wake hawakulithubutu. Badala ya kulipiga marufuku jando alilibatiza: sala ziliingia, padri akawepo, yaliyoonekana hayafai yakaondolewa. Kwa wavulana iliwezekana, kwani padri ni mwanamume na mlango wa jandoni haukufungwa kwake. Kwa wasichana ilikuwa taabu. Mambo ya unyagoni yalikuwa mikononi mwa makungwi, na kungwi hamfungulii askofu. Matokeo yake tunayaona mpaka leo: desturi ya wanaume ilipata maelezo ya kikanisa mapema, ya wanawake ikabaki gizani, na kitu kilichobaki gizani ni rahisi kuitwa cha kishetani. Naamini kabisa kwamba kumfundisha binti usafi, heshima na kazi ya mwili wake si uchawi. Kama kuna mafunzo yanayomharakisha mtoto wa miaka kumi kwenda kwa mwanamume, hayo tuyakatae kwa jina lake halisi, kwamba yanamuumiza mtoto.

Juu ya wafu, Kumbukumbu la Torati 18:10-11 halina mafumbo. Linakataza kutazama bao, kubashiri, kuloga kwa kupiga mafundo, kupandisha pepo na kuwaomba wafu. Mkatoliki huwaombea marehemu, na tarehe 2 Novemba makaburi ya vijiji vyetu husafishwa na misa husomwa. Mlokole atakuambia hata hilo limezidi. Lakini wote wanakubaliana mahali pamoja: kuwakumbuka ni jambo moja, kuwauliza nani amekula korosho zako ni jingine. Bibi yangu alikuwa akimwaga unga kidogo mlangoni kabla ya safari na kuwataja wazazi wake. Nilimuuliza siku moja, anawaomba nini? Akasema, "Siwaombi. Nawaambia naondoka." Sijui padri wake angesemaje. Mimi nimemwelewa.

Sasa hirizi, ile kamba nyeusi. Hapa siwezi kuzunguka: Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2117, inakataa uvaaji wa hirizi waziwazi, na makanisa mengine ya huku kwetu yanasema hivyohivyo. Namba hiyohiyo inasema pia kwamba tiba za jadi hazihalalishi kuziita nguvu za uovu, wala kumnyonya mtu kwa sababu ya wepesi wake wa kuamini. Sehemu hiyo ya pili naipenda, kwa sababu inamgeukia anayeuza. Waefeso waliomwamini Kristo walileta vitabu vyao vya uganga wakavichoma mbele ya watu, thamani yake vipande 50,000 vya fedha, Matendo 19:19. Waliweza kwa sababu hofu ilikwisha kwanza. Kwa yule dada, katekista alikata kamba lakini hofu hakuigusa, ndiyo maana kabla ya jua kuzama kamba ilikuwa imerudi.

Tena medali nayo inaweza kuwa hirizi. Ukiivaa ukidhani bati lenyewe ndilo linalozuia kifo, umebadilisha duka tu. Vivyo hivyo maji ya upako yanayouzwa kwa chupa na mafuta yanayopakwa mlangoni ili mkwe asiingie. Sisi watu wa kusini tulipaswa kuwa wa kwanza kulitambua hili, kwa kuwa maji ni kumbukumbu yetu. Kinjikitile Ngwale aligawa maji Ngarambe, na mwaka 1905 watu wakaingia vitani wakiamini risasi zitayeyuka. Hatukumbuki sana kwamba aliwataka pia waache uchawi, waache kulogana, wawe wamoja. Vita ile ya Majimaji iliteketeza misheni za Lukuledi na Nyangao. Sista Walburga Diepolder, mmisionari Mbenediktini, aliuawa. Mwaka 1906 Wabenediktini wakaanza upya Ndanda. Ukristo wa bonde letu, tangu Askofu Edward Steere alipowaleta watumwa walioachwa huru chini ya mlima Mtandi mwaka 1876, umekua ukiwa umezungukwa na maswali ya dawa, maji na ulinzi. Haukuyakuta juzi.

Kosa lililofanyika, kwa maoni yangu, lilikuwa la pande mbili. Wamisionari wengi walisema uchawi ni ujinga, haupo, usiletwe kwao. Mwanamke aliyekuwa anatetemeka usiku akakosa mahali pa kulipeleka tetemeko lake, basi akalipeleka kwa mganga na sala zake akaziacha kanisani. Ndivyo tulivyojifunza kuwa watu wawili ndani ya kitenge kimoja. Baadaye yakaja makanisa ya kiroho yaliyosema uchawi upo, na tutaupiga. Watu walipumua, hatimaye mtu anawasikiliza. Lakini baadhi ya watumishi hao wakaenda hatua moja zaidi, nayo ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Walianza kutaja watu.

Yule dada, kabla ya mtoto huyu, alikwenda kwa mganga wa ramli. Aliambiwa, "Anayekula watoto wako ni mtu wa ndani, mtu mzima, upande wa mama." Hakutajiwa jina, hawataji siku hizi, wanamwachia mteja ajaze mwenyewe. Akajaza. Mama yake mkubwa, mjane anayeishi peke yake, kiongozi wa jumuiya, mwimbaji wa sauti ya pili. Tangu siku ile hakumpa tena salamu. Alipohamia kwenye maombezi, mtumishi aliyeshika Biblia alimwambia anaona "mwanamke wa ukoo, ana kilemba". Nani hana kilemba? Ramli ilikuwa imevaa suti.

Hapa lazima nieleze ukoo wetu, kwani ndipo kisu kinapokata zaidi. Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera kwa asili wanahesabu ukoo kwa mama. Zamani mume ndiye aliyehamia kwa mke. Mwanamke alizaliwa, akalelewa, akazaa na akazeeka katikati ya mama zake, dada zake na wajomba zake. Hao ndio wanaomkanda akijifungua, hao ndio wanaomzika mwanawe. Ramli inapomwambia adui ni wa upande wa mama, inamwondolea watu walewale anaowahitaji siku mtoto akiugua usiku. Na kwa kuwa bibi kizee, hasa mjane, ndiye asiye na wa kumtetea, kidole humwangukia yeye. Usukumani vikongwe wameuawa kwa panga kwa tuhuma za namna hii. Si lazima tufike huko ndipo tuone ubaya. Kumnyima mtu salamu miaka minne nako ni kumzika.

Sheria ya Uchawi ilitungwa mwaka 1928, wakati wa Waingereza, na bado ipo, Sura ya 18 ya sheria zetu. Inamtia hatiani anayejidai kuwa na nguvu za uchawi, anayemiliki vifaa vyake na anayetishia kumloga mwenzake. Januari 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, Mathias Chikawe, wakati huo waziri wa Mambo ya Ndani na mbunge wa Nachingwea hapahapa kwetu, alitangaza kupigwa marufuku kwa wapiga ramli. Viongozi wanaiita ramli chonganishi, na neno hilo ni sahihi kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia. Inachonganisha. Lambalamba, wale waganga wanaozunguka kufichua wachawi, wakipita kijijini kufukua vibuyu, wakiondoka huacha nyumba zisizokopeshana chumvi.

Biblia inaona hivyo pia, ukiisoma polepole. Kutoka 22:18, "Usimwache mwanamke mchawi kuishi," ni mstari mfupi wenye damu nyingi. Ulaya, kati ya karne ya 15 na ya 18, watu wanaokadiriwa kuwa 40,000 hadi 60,000 waliuawa kwa kosa la uchawi, wengi wao wanawake, na waliowaua walikuwa Wakristo waliojua mistari. Sasa fungua 1 Samweli 28. Mfalme Sauli amefukuza wenye pepo wa utambuzi nchini, kisha anajificha usiku kwenda kwa mwanamke wa Endori. Anataka kujua yatakayompata. Mwanamke anaogopa sheria, anasita, Sauli anamwapia kwamba hataadhibiwa. Sauli anapoanguka kwa woga na njaa, ni yeye anayemchinjia ndama aliyenona, akakanda unga na kumpikia mikate. Kitabu hakisemi aliadhibiwa. Aliyehukumiwa, kwa maneno ya 1 Nyakati 10:13, ni mfalme aliyekwenda kuuliza. Mzigo umewekwa kwa mteja mwenye uwezo, wala haukuwekwa kwa mwanamke wa kijijini. Sisi tumeugeuza.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, alinionyesha kwenye simu wanawake wa Marekani wanaojiita wachawi Wakristo, wanawasha mishumaa, wanakusanya majani, wanasali Zaburi. Aliniuliza kama bibi alikuwa hivyo. Huko neno hilo lina safari yake. Uingereza ilifuta sheria yake ya uchawi ya mwaka 1735 mnamo 1951, na miaka michache baadaye Gerald Gardner akaitangaza dini ya uchawi ambayo leo inaitwa Wicca. Kwa wengi wa wanawake hao, kujiita mchawi ni kujirudishia heshima waliyonyang'anywa bibi zao. Nawaelewa. Lakini Kiswahili hakiwezi kubeba mzigo huo. Mchawi kwetu ni anayeua. Bibi yangu angesikia nimemwita hivyo, hata kwa sifa, angelia. Tunachoweza kumrudishia ni jina lake la kweli: mkunga, mtu wa dawa, mama wa kanisa.

Mtu ataniuliza, basi uchawi upo au haupo? Najua husda ipo, sumu ipo, na moyo unaoweza kumtakia mtoto wa mwenzako kifo upo. Biblia haiuchukulii uovu kama mchezo, nami siuchukulii hivyo. Lakini nimeona mara nyingi kinachoitwa uchawi kina jina hospitalini. Degedege, ambayo wazee waliihusisha na ndege wa usiku, mara nyingi ni malaria kali, na wapo watoto waliokufa kwa sababu waliambiwa sindano ingewaua. Ugumba tunamsukumia mwanamke, wakati katika takriban nusu ya ndoa zinazokosa mtoto mwanamume naye anachangia. Na kuna selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Baba na mama wazima kabisa, kila mmoja akiwa amebeba kinasaba kimoja, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Anaweza kufa wa kwanza, akafa wa pili, wa tatu akaishi. Kwa macho ya kawaida inafanana kabisa na mtu anayechagua nani ale. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu.

Nilirudi kwa yule dada baada ya mavuno ya korosho. Nilikuwa na Injili ya Marko, sura ya 5, yule mama aliyetokwa damu miaka kumi na miwili, aliyezunguka kwa matabibu wengi na kumaliza mali yake yote. Nilimwomba aangalie jambo moja tu: Yesu hakumuuliza alikotoka. Hakumwambia ataje nyumba zote alizopiga hodi. Alimwita "Binti". Nikamwambia hajakufuru kwa kuogopa. Majani anayomwogeshea mtoto aendelee nayo akipenda. Kamba aifungue siku atakapoweza, sitaishika mimi. Lakini kwa wapiga ramli, wa kibuyu na wa Biblia, asirudi tena, na mama yake mkubwa asimweke tena kwenye ile nafasi tupu.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kipimo cha selimundu kinachukuliwa wapi, na kama mume naye anapaswa kutolewa damu. Tulikwenda wote wanne, kwa basi la asubuhi. Yeye na mume wake wote wamebeba. Mtoto hana ugonjwa, amebeba tu kama wao.

Siku tuliporudi alishuka kituo kimoja kabla ya kwake, akamfunga mtoto mgongoni, akapinda njia ya kwenda kwa mama mkubwa. Mtoto alikuwa na kamba yake kiunoni na medali yake shingoni. Kwa mbali nilimsikia akipiga hodi, mara ya kwanza, mara ya pili, na sauti ya kizee ikauliza kutoka ndani, "Nani mwenzangu?"